Mtoto wa Mpira: Mwimbaji wa Devo na Nafsi Yake ya Pili

Sisi walimu wa fasihi huwaonya wanafunzi kila mwaka wasimchanganye mtunzi na nafsi inayosema ndani ya shairi. Onyo hilo ni la lazima, lakini halitoshi kumweleza Bwana Mark Mothersbaugh, mwimbaji wa kikundi cha Devo cha mji wa Akron, jimbo la Ohio, Marekani. Huyu ana nafsi mbili jukwaani, na ile ya kipuuzi zaidi ndiyo inayobeba uzito wa kazi yote.

Nafsi ya kwanza ni mwimbaji mwenye sare. Huja na wenzake katika mavazi ya manjano kama ya vibarua wa kiwandani, au, tangu mwaka 1980, katika kofia nyekundu za plastiki zenye ngazi, ambazo mgeni angezidhania vyungu vya maua vilivyofudikizwa. Miondoko yao ni ya mitambo. Ulimwengu wanaouigiza ni wa siku zijazo, ila ni siku zijazo kama zilivyodhaniwa zamani, katika sinema na majarida ya babu zao. Jina la santuri yao ndefu ya kwanza, ya mwaka 1978, ni swali na jibu. Na swali lenyewe limetoka katika filamu ya mwaka 1932 iliyotokana na riwaya ya H. G. Wells ya mwaka 1896, ambamo wanyama waliopasuliwa na daktari na kupewa maumbo ya watu hukaririshwa sheria, wakauliza kama wao si watu. Devo wanajibu kwamba mageuko ya binadamu yamekwisha geuza njia na kurudi nyuma.

Nafsi ya pili ni Booji Boy, jina linalotamkwa "Bugi Boi". Mothersbaugh hujivika kinyago cha mpira chenye mashavu ya mtoto mchanga, akaibana sauti hata ikawa nyembamba kama ya kifaranga. Si kitu kigeni kwamba kinyago ni cha mpira: Akron ndio mji uliozaa kampuni za Goodyear na Firestone. Katika filamu fupi ya Devo ya mwaka 1976, iliyoongozwa na Chuck Statler, mtoto huyu anamletea Jenerali Boy hati za siri, na Jenerali anaigizwa na baba mzazi wa Mothersbaugh. Katika filamu hiyo hiyo Mothersbaugh ni mhadhiri pia mbele ya wanafunzi. Mwanazuoni na mtoto ni mtu mmoja, na mwenye habari ni mtoto.

Kwa nini mtoto? Tarehe 4 Mei 1970 askari wa Ulinzi wa Taifa wa Ohio waliwafyatulia risasi wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kent State, katika maandamano ya kupinga vita kupanuliwa hadi Kambodia. Wanne walikufa na tisa walijeruhiwa. Gerald Casale, aliyekianzisha kikundi pamoja na wenzake, alikuwapo, na aliwafahamu wawili kati ya waliouawa. Amesema mara nyingi kwamba pasipo siku ile Devo isingekuwako. Baada ya hayo, mwimbaji mwenye sare hawezi kulia, kwa kuwa sare imekwisha mgeuza mtambo. Mtoto anaweza. Wala hakuna askari anayemwogopa.

Hili huonekana wazi kabisa katika wimbo "Beautiful World" wa mwaka 1981, ambao Booji Boy huuimba mwishoni mwa maonyesho. Wimbo unausifu ulimwengu, kisha katika kugeuka kwake msemaji anajitoa mwenyewe katika uzuri huo. Sauti ya mtu mzima ingeufanya hotuba. Kwa sauti ile nyembamba msikilizaji hucheka kwanza, na kicheko kinamfia mdomoni.

Hapana budi kusema kwamba Booji Boy huchosha pia. Masimulizi yake katikati ya wimbo hurefuka kupita kiasi, na mzaha hugeuka mazoea. Tena kejeli ya Devo kwa jumla ina hatari yake: "Whip It" ya mwaka 1980 ilifika nafasi ya 14 katika orodha ya Billboard, huku wengi wakisikia humo uchafu tu. Mtoto hakupata kushinda katika orodha yoyote, na nadhani ndiyo sababu amesalia mzima.

Mothersbaugh alizaliwa mwaka 1950. Katika ziara ya mwaka 2023, ya kuadhimisha miaka 50 ya kikundi, alikuwa mzee wa miaka 73, na bado aliivaa sura ya mtoto mchanga. Chini ya mpira ule sasa kuna makunyanzi, na sauti iliyobanwa inatoka katika kifua cha mzee. Kichekesho hicho hakikuweza kuandikwa mwaka 1976; umri umekiandika wenyewe.