Gitaa la tumbo wazi: chungulia ndani kabla ya kulipa

Mpiga gitaa mwenye fedha kidogo hushauriwa anunue gitaa la bei ya chini lenye mbao nzuri, kisha vifaa vya umeme avibadilishe baadaye mfuko ukitulia. Kwa gitaa la ubao mzima, ushauri huo hauna kasoro. Ukifungua skrubu za kifuniko, waya zote ziko mbele ya macho, na fundi redio wa Mwanza mwenye mkono mtulivu wa kupiga lehemu anaimaliza kazi siku hiyo hiyo. Lakini kwa gitaa la umeme lenye tumbo wazi na gogo katikati, ushauri huo unampoteza mnunuzi. Magitaa mengi ya aina hii hayana kifuniko mgongoni. Swichi, vitufe, waya na tundu la kuchomekea mara nyingi viliingizwa kupitia vitobo vya usoni vyenye umbo la herufi f, na fundi atavitoa kwa kupitia humo humo. Kwa hiyo asiye na fedha za kutosha aanze kukagua umeme, tena kwa ukali kuliko anavyokagua rangi au jina la kampuni.

Umbo lenyewe lilitoka Marekani mwaka 1958, Gibson ilipotoa ES-335. Magitaa yenye uwazi mtupu ndani yalikuwa na sauti pana, ila ukiongeza amplifaya yanapiga mluzi. Ya ubao mzima hayakuwa na tabu hiyo, lakini wengi waliyaona makavu. Gibson ikapitisha gogo la mepo katikati ya tumbo, kutoka shingoni hadi kitakoni, na kuacha uwazi mbavuni tu. Kwa muziki wa ukanda wa Ziwa, suluhisho hilo lina maana yake. Sikiliza rekodi za Shirati Jazz ya D.O. Misiani, mzaliwa wa upande wa Shirati mkoani Mara aliyejijengea jina Kenya kwa benga: solo inakaa juu, kila noti inasikika peke yake, na hakuna ukungu wa kuificha. Muziki wa dansi unadai hivyo hivyo, na kwaya za makanisa ya Mwanza zenye magitaa matatu nazo vilevile. Gitaa la tumbo wazi lililo zima hutoa sauti hiyo safi, na shingo yake, ambayo kwenye ES-335 inaungana na tumbo kwenye freti ya 19, inauachia mkono kufika juu bila kubanwa.

Basi mulika tochi ya simu kwenye kitobo cha f utazame kama gogo lipo. Usitegemee sura ya nje, kwa sababu Epiphone Casino inafanana sana na ndugu zake wenye gogo, na ndani haina. Ni gitaa zuri kwa kazi yake, lakini ukilisimamisha mbele ya spika kubwa za ukumbi litakulilia usiku kucha. Halafu chomeka waya. Zungusha kila kitufe polepole kutoka sifuri hadi mwisho. Mkwaruzo mdogo si tatizo, mara nyingi ni vumbi linaloondoka kwa dawa ya kupuliza. Ukimya kwenye nafasi moja ya swichi ndio unaomaanisha kuingia ndani. Shika pini ya waya uitikise kidogo. Tundu likicheza, angalia nati yake kama imelegea. Hapa ndipo magitaa mengi ya mitumba yalipoharibikia: mtu anakaza nati bila kulizuia tundu, tundu linazunguka kwa ndani, waya unajisokota hadi unakatika. Kuliokoa kunahitaji fundi afunge uzi au mshipi wa kuvulia kwenye kila kifaa kabla ya kukisukuma ndani, ili aweze kukivuta hadi kwenye shimo lake wakati wa kurudisha. Asiyefunga uzi atatumia nusu siku akivua kitufe gizani, na nusu siku hiyo utailipia wewe. Kama una nafasi ya kuchagua, chukua pikapu za koili mbili, aina ambayo Seth Lover wa Gibson aliibuni mwaka 1955 ili kuua mvumo wa umeme. Kwenye kumbi zetu zenye waya wa ardhi wa mashaka, koili moja huvuma hata kabla wimbo haujaanza.

Wapo watakaosema kwamba magitaa ya bei hii ni plaiwudi tu, kwa hiyo hakuna cha kukagua. Ni kweli ni mbao za tabaka, na ES-335 ya mwaka 1958 nayo ilikuwa hivyo. Tabaka zilizogundishwa kwa mikao inayokatana hazitanuki wala kusinyaa kama ubao mmoja, na hiyo ni faida kwa chombo kinachotoka kwenye mvua za masika kuingia kiangazi cha Juni hadi Agosti. Cha kuogopa ni tabaka zinazoachana, hasa ukingoni mwa vitobo vya f na kuzunguka tundu la waya. Pitisha ukucha hapo. Vivyo hivyo usilikatae gitaa kwa sababu ubao wa freti si rosewood. Mwaka 2017 biashara ya miti yote ya jamii ya Dalbergia, inayotoa rosewood, na mpingo wetu umo, iliwekewa masharti ya kimataifa. Vyombo vya muziki vilivyokamilika vililegezewa mwaka 2019, ila viwanda kadhaa vilikuwa vimeshahamia miti mingine inayofanya kazi hiyo hiyo.

Hoja nzito zaidi ni ya anayeuliza kwa nini asinunue ubao mzima tu. Kama bendi yako hupiga kwa sauti ya juu kupita kiasi, nunua huo ubao mzima. Hata B.B. King, mpiga gitaa wa blues aliyepiga Kinshasa mwaka 1974, alikuwa akijaza vitambaa kwenye vitobo vya gitaa lake kuzuia mluzi, na Gibson ilipomtengenezea toleo la gitaa lake, Lucille, mwaka 1980 haikutoboa herufi f kabisa.

Shingo ikaguliwe mwisho. Bana uzi mnene kwenye freti ya kwanza na pale shingo inapoungana na tumbo. Kwenye freti ya saba au ya nane ubaki mwanya wa kupitisha karatasi mbili au tatu za daftari. Ukizidi kiasi, chuma cha ndani ya shingo hukazwa kwa ufunguo mdogo, na hilo ni jambo la kuombea punguzo. Ufa kwenye kiungo cha shingo hauombewi punguzo. Mrudishie muuzaji gitaa lake. Na kabla ya yote hayo mwombe afunge nyuzi mpya, hata kwa gharama yako, kwa sababu nyuzi zenye kutu hazishiki tyuni na zitakufanya ulilaumu gitaa lisilo na kosa.