Mshitaki Aitwaye Majivuno

Katika pwani yetu hii ya kaskazini, tangu huku Moa hadi Tanga mjini na kuendelea Pangani, aghalabu mtu hamsuti jirani yake kwa jina. Humpigia fumbo, liwe katika kanga aliyojitanda au katika jina la chombo chake, na aliyechomwa hubaki na hiari mbili, zote chungu: anyamaze, ama alalamike na kwa malalamiko yake akiri kuwa ndiye aliyekusudiwa. Hila hiyo ya kumtwisha msemwa mzigo wa kujitambulisha ndiyo, kwa rai yangu, aliyoitumia Shaaban Robert kuijenga riwaya yake Kusadikika, iliyochapwa mwaka 1951, wakati mwandishi huyo, mzaliwa wa Machui mwaka 1909, alipokuwa mtumishi katika ofisi ya Serikali ya kikoloni mjini Tanga.

Nchi inamopita kesi ya riwaya hiyo imetundikwa angani, isiyopatikana katika ramani yoyote. Mshitaki ni waziri Majivuno. Mshitakiwa ni Karama. Na wajumbe sita waliotumwa kuitafutia nchi heri, kisha wakatiwa gerezani waliporudi, ni Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa na Amini. Majina ya wajumbe ni ya sifa njema, lakini mengi ni majina ambayo watu wa pwani huitana kila siku, hata msomaji haoni kuwa amekutanishwa na mawazo yaliyovikwa kanzu: Fadhili aweza kuwa mjomba wake. Majivuno peke yake ndiye asiye na somo duniani, kwani ni mzazi gani atakayempa mwanawe jina hilo? Basi ni Serikali gani ingesimama hadharani ikasema kuwa waziri huyo ni wake?

Njia hii ilikwisha pitwa na mshairi wa Kiingereza wa karne ya 14, William Langland, katika Piers Plowman, ambamo hongo ni bibi mrembo aitwaye Meed, ambaye mfalme ataka kumwoza kwa Dhamiri, naye Dhamiri akamkataa mbele ya baraza zima. Lakini Langland alimpeleka bibi wake hadi Westminster, penye mahakama ambazo kila Mwingereza alizijua. Shaaban hakuacha hata jiwe moja la kushikika.

Ustadi mkubwa zaidi, nionavyo, umo katika shitaka. Kosa la Karama ni kufundisha elimu ya uanasheria; kwa hiyo Majivuno, ili apate kumwangamiza, hana budi kumleta barazani, na baraza, likiisha kumleta, halina budi kumsikiliza, naye kwa kujitetea huifundisha elimu ile ile iliyoharimishwa, tena mbele ya Mfalme na madiwani wake. Kinaya hiki kimo katika mwendo wa kesi yenyewe, wala hakihitaji msimulizi wa kukitangaza.

Sitaficha kuwa visa vya wajumbe vina umbo moja, kwenda, kutaabika, kurudi na kufungwa, hata ifikapo safari ya nne msomaji amekwisha kuujua mwisho kabla mjumbe hajafunga mizigo, na mhariri mkali angalipunguza viwili. Walakini angaliidhoofisha hoja. Mjumbe mmoja akifungwa, watetezi wa dola watasema ni bahati mbaya. Akifungwa wa sita, hawana la kusema.

Tungo la Langland lilimponyoka mwenyewe, kwani wakulima wa Uingereza walipoasi mwaka 1381, jina la Piers lilitokea katika barua zilizonasibishwa kwa kasisi John Ball. Shaaban hakufikwa na msukosuko wa namna hiyo: mwaka 1952 aliingia ofisi ya upimaji ardhi, hapo hapo Tanga, akaendelea kupokea mshahara wa Serikali ile ile.