Nani Alikuwa Akitembea?

Karatasi za mazoezi ya KCSE zinazozunguka hapa Kakamega hazikosi sentensi ya aina hii: "Walking to the market, the rain started." Sahihisha. Mwongozo unacheka: mvua haitembei.

Sawa, haitembei. Sasa isome kwa Kiswahili: "Nikitembea kwenda sokoni, mvua ilianza." Kosa liko wapi? Halipo, maana "ni-" imeshamtaja mtembeaji. "Walking" haina mtu ndani yake. Mtoto wa Lurambi aliyeiandika hivyo ametafsiri sentensi iliyo sawa kabisa.

Upatanisho nao ni vilevile. Kwa "The price of potatoes keep rising" anapoteza alama. Lakini mwambie aseme kwa Kiswahili: bei ya viazi inapanda. Hawezi kusema "vinapanda". Kanuni anayo tangu utotoni, na Kiluhya chake kina ngeli pia. Kiingereza kimeificha tu kwenye herufi moja, "s".

Hapo ndipo maswali haya yananikera. Yanahesabu kosa, hayaulizi limetoka wapi. Mwalimu, andika sentensi zote mbili ubaoni, sambamba. Zile alama 15 za sarufi zisiwe pata potea.