Tuzo ya Mtazamaji

Neno tuzo lina nasaba njema katika lugha ya Kiswahili. Kutuza, au kutunza kama wasemavyo wengi, ni kumpa mtu kitu kwa sababu ya uhodari aliouonyesha mbele ya macho ya watu. Mwimbaji hutuzwa, mcheza ngoma hutuzwa, na bibi harusi hutuzwa. Katika maana zote hizo mwenye kutazama ndiye mwenye kutoa, na mwenye kutazamwa ndiye mwenye kupokea. Lakini umezuka mtindo ambao umeupindua mpango huu juu chini: mtazamaji hupewa tuzo kwa sababu ametazama. Wapo watakaosema kuwa hiyo ni shughuli ya watoto na simu zao, isiyostahili wino wa wanafunzi wa fasihi. Kauli hiyo ni ya haraka mno, maana fasihi ya mdomo imeishi siku zote kwa mapatano baina ya msimulizi na hadhira yake, na hapa mapatano yenyewe ndiyo yaliyoguswa.

Moshi ni mahali pazuri pa kulichunguzia jambo hili. Mwezi wa Agosti 2022 Shirika la Mawasiliano Tanzania lilifikisha intaneti ya kasi Horombo, katika njia ya Marangu, meta 3,720 juu ya usawa wa bahari. Ikiwa mlima wenyewe umefikiwa, si ajabu kwamba chini yake, katika mitaa ya Pasua na Majengo, na huko vihambani Kibosho na Machame, kijana aliyeketi chini ya mgomba hutazama mchezo wa video unaochezwa saa ile ile na mtu aliye São Paulo au Seoul. Aghalabu huwa ni mchezo ambao yeye naye anao katika simu yake, kama Free Fire wa kampuni ya Garena, uliotoka mwaka 2017 na ambao hukubali kuchezwa hata katika simu za bei nafuu.

Utaratibu wa tuzo ni huu. Mchezaji mashuhuri huuonyesha mchezo wake mubashara kwa njia ya YouTube, au ya Twitch, mtandao ulioanzishwa mwaka 2011 na kununuliwa na Amazon mwaka 2014. Wenye mchezo hutangaza kwamba kila atakayetazama kwa muda uliowekwa, pengine nusu saa, pengine saa 2 au zaidi, atapata pambo la bure la kutumia ndani ya mchezo: vazi la mhusika, rangi ya bunduki, mkoba wa mgongoni. Vijana huliita skini. Pambo hilo kwa kawaida halimwongezei mchezaji nguvu wala shabaha, linampamba tu. Kwa Twitch, mtazamaji sharti aiunganishe akaunti yake ya mtandao na ile ya mchezo. Dakika zake huhesabiwa na mashine, na akifungua matangazo mawili kwa wakati mmoja huhesabiwa moja tu. Hesabu ikitimia hana budi kubonyeza mahali pa kudai, kwani asipodai mpaka muda ukapita, saa zake zote zimekwenda na maji.

Sasa na tulinganishe na utunzaji wa taarabu. Katika kumbi za Unguja na Tanga, mama mwenye noti mkononi hainuki wakati wowote tu. Huchagua. Hukaa kimya beti mbili tatu, kisha ukifika ubeti unaosema yaliyomo moyoni mwake, au unaomchoma jirani aliyeketi meza ya pili, huinuka akajongea kwa madaha, noti ikiwa juu ili kila mtu aione. Ubeti aliouinukia ndio ubeti aliousifu. Mwimbaji naye hujua, akaurudia. Mtu akitaka kuona uhakiki wa mashairi ukifanyika bila kalamu wala karatasi, na auone hapo. Moshi, iliyounganishwa na Tanga kwa reli tangu mwaka 1911, si mgeni wa desturi ya kutunza. Harusi za mjini zinaijua vizuri, na watu wa huko hawahitaji kufundishwa kuwa noti isiyotolewa nayo pia ni neno.

Katika tuzo mpya hukumu hiyo haipo. Mtazamaji hachagui ubeti, kwa kuwa dakika ya uhodari na dakika ya upuuzi zina thamani moja katika hesabu ya mashine. Msimulizi anaweza kunyamaza, akapiga miayo, akaondoka kwenda kula, na hadhira yake isipungue hata mtu mmoja. Kitu kinachopimwa ni kuwapo. Na idadi ya waliopo ndiyo bidhaa: humpandisha mchezaji na mchezo wake juu ya orodha, mahali pa kuonekana na wengine. Kwa maneno mengine, mtazamaji ameajiriwa, na ujira wake ni vazi lisilovalika.

Haifai hata hivyo kulibeza pambo kwa kuwa ni pambo. Afrika ya Mashariki ina historia ndefu ya mapambo ya namna hiyo. Katika ngoma za beni, zilizotoka miji ya pwani ya Kenya zikaenea Tanganyika katika miongo ya kwanza ya karne ya 20, vyama vya Marini na Arinoti vilishindana kwa sare, nishani na vyeo vya kijeshi na kifalme ambavyo havikuamuru askari hata mmoja. Terence Ranger, katika kitabu chake cha mwaka 1975 juu ya beni, alionyesha wazi kuwa mambo hayo hayakuwa kuiga kwa kipumbavu. Vyeo vile vilikuwa na maana kwa waliovipata na kwa mji uliowatazama. Hata mpandaji wa mlima afikaye Uhuru, meta 5,895, hupewa cheti akishuka, na cheti hicho hakimfungulii mlango wowote duniani. Kijana wa Pasua apendaye skini hana kosa kuliko mtalii atiaye cheti chake katika fremu.

Lakini cheo cha beni kilishuhudia michango, ukarimu na miguu iliyocheza mpaka alfajiri; cheti cha Uhuru kinashuhudia mapafu. Tuzo ya mtazamaji inashuhudia nini? Jawabu lilionekana mwezi wa Aprili 2020, wakati kampuni ya Riot Games ilipofungua majaribio ya mchezo wake wa Valorant. Safari hiyo tuzo haikuwa pambo, ilikuwa ruhusa ya kuingia mchezoni, nayo ilipatikana kwa kutazama Twitch. Tarehe 7 Aprili watazamaji wa wakati mmoja walipita milioni 1.7. Siku zilizofuata wengi waliacha matangazo wazi usiku kucha wakalala, na baadhi ya watangazaji nao wakawa wanarudisha michezo ya jana, wakiionyesha kana kwamba ni ya leo, ili hesabu isikatike hata wao wakiwa kitandani. Mwezi ule ule Twitch ikaingiza katika kanuni zake katazo la kudanganya mfumo wa tuzo. Hebu msomaji aione picha hiyo: msimulizi amelala, hadhira imelala, na onyesho linaendelea.

Hapa Moshi hali ina kichekesho chake, nacho ni kichungu kidogo. Yule wa Ulaya ambaye intaneti yake haina kipimo anaweza kulala. Wa Moshi anatumia bando, na saa 1 ya picha za wastani hula yapata nusu ya gigabaiti. Basi hupunguza. Huishusha picha mpaka daraja la chini kabisa, ambako adui na kichaka havitofautiani, kisha huzima sauti ili amsikie mama akimwita. Kinachobaki ni dakika zenyewe. Kitu kilichoitwa cha bure amekilipia kwa bando, na ili kupunguza gharama ameacha lile pekee ambalo lingempa faida, yaani kuona na kusikia.

Yamkini mtu atajibu kwamba kijana huyo anajua hesabu yake. Pambo ambalo mwingine hulinunua kwa dola yeye hulipata kwa muda, na muda ni mali aliyo nayo tele wakati ajira ni haba. Jibu hilo lina haki, na asiyelitilia maanani atakuwa amehubiri kwa tumbo lililoshiba. Lakini lawama inayotajwa hapa si ya kijana. Ni ya mizani aliyowekewa.

Na mizani hiyo ina hasara moja inayowahusu hasa wapenzi wa Kiswahili. Zamani si nyingi, katika vibanda vya video vya Dar es Salaam, filamu za kigeni zilisimuliwa kwa Kiswahili na mafundi wa maneno, ambao mashuhuri wao alikuwa Derek Gaspar Mukandala, aliyejulikana kwa jina la Lufufu. Watu walilipa kiingilio, na picha ilikuwa ya Hong Kong au ya Marekani, lakini wengi walifuata ulimi. Mtangazaji wa mchezo wa video ni jamaa wa karibu wa fundi yule: naye huzungumza juu ya picha iliyotengenezwa mbali, akaipa mzaha, methali na kejeli za nyumbani. Wapo vijana wa Tanzania na Kenya wanaoifanya kazi hiyo kwa Kiswahili, na baadhi yao wana ulimi. Hadhira zao ni ndogo, lakini ni hadhira za kweli: watu waliokuja kusikiliza, na ambao huondoka wakichoshwa.

Wenye mchezo wanaweza kuruhusu tuzo itolewe kwa kila mtangazaji, au kwa orodha ya wateule tu. Inapokuwa ya wateule, na wateule aghalabu ni wale wenye maelfu ya watazamaji kwa lugha nyingine, mtangazaji wa Kiswahili hubaki akizungumza na watu wawili watatu kwa juma zima. Halafu wenzake hurudi. Huja wamevaa mavazi mapya, na akiwauliza yule bwana alikuwa akisema nini huko muda wote huo, huwa hawajui, maana sauti waliizima.