Kaizari Mbele ya Iritongo

Fasihi ya Kiswahili ina Warumi wawili wakuu. Wa kwanza ni Herekali, yaani Heraclius, aliyetawala toka mwaka 610 hadi 641, ambaye vita vyake na Waislamu ndivyo kiini cha Utendi wa Tambuka, uliotungwa Pate na Mwengo wa Athumani mwaka 1728. Wa pili ni Juliasi Kaizari wa Shakespeare, katika tafsiri ya Julius Nyerere. Huyu wa pili hakupata kuwa mfalme: aliuawa tarehe 15 Machi, mwaka 44 K.K., na jina lake ndilo lililokuja kuwa cheo cha waliomfuata.

Herekali ni adui atokaye nje, na msomaji wa utendi ajua toka mwanzo asimame upande gani. Kaizari ni mtu wa nyumbani, na wanaomuua ni rafiki zake. Hapo ndipo ulipo ugumu wa tamthilia hii, na ndipo watu wa Tarime na Serengeti, majirani wa Butiama alikozaliwa mfasiri mwaka 1922, wanapoweza kuwa wasomaji wake bora.

Tafsiri ilitoka mwaka 1963 kwa jina la Julius Caezar. Iliporekebishwa mwaka 1969 ikaitwa Juliasi Kaizari. Badiliko hilo si la tahajia tu. Kaiser, cheo cha mfalme wa Ujerumani, latokana na jina hilo hilo la Mrumi, na ngome ya Ikoma, wilayani Serengeti, ilijengwa na Wajerumani mwanzoni mwa karne ya 20. Kabla yake Wakuria na jirani zao hawakuwa na mfalme. Mamlaka yaligawanywa kwa koo na marika. Kwa Wakuria, wazee wa inchama walitunza mila, na mambo ya watu wote yalisemwa hadharani katika iritongo. Wakoloni ndio waliowapandisha baadhi ya wenyeji kuwa watemi juu ya wenzao.

Kwa watu hao hofu ya Brutus haihitaji maelezo: ni hofu ya kumwona mtu mmoja akipanda juu ya rika lake. Nao mkutano wa tendo la tatu ni iritongo lililoharibika. Brutus atoa hoja. Antony aonyesha vazi lenye damu na kuusoma wasia. Umma waondoka hapo ukiwaka, na mtu wa kwanza kumwangukia ni Cinna mshairi, asiye na kosa ila kuitwa jina moja na mmoja wa wala njama.

Katika mkutano huo uamuzi wa Nyerere wa kuacha vina wapata maana. Si kwamba vina vilimshinda, kwani baadaye aliitia Injili katika tenzi. Lakini vina vingemwonya msikilizaji kwamba Antony anambembeleza kwa ufundi. Bila vina, hila yapita kama mazungumzo ya kawaida, na msomaji adanganyika pamoja na umma.

Wapo wanaoisoma kazi hii kama kioo cha Julius mmoja akimtazama mwingine. Usomaji huo ni mwembamba. Mfasiri alikuwa mtoto wa Burito, mtemi wa Wazanaki, na mwaka ule ule wa 1963 serikali yake ilifuta utemi kwa sheria. Swali la tamthilia ni zito kuliko jina: je, kumwondoa mtu ni kukiondoa kiti? Roma ilijibu vibaya. Wala njama walimuua mmoja, na mwaka 27 K.K. mrithi wake, Octavius, akapewa jina la Augustus na kuwa kaizari wa kwanza.

Kazi hii imebaki mno katika madaftari ya wanafunzi. Ingefaa ichezwe uwanjani, Mugumu au Tarime mjini, mbele ya watu wanaojua jinsi neno moja la hadharani linavyoweza kuwapatanisha watu au kuwachinjisha.