Muzee Ojwang na Ulimi wa Jirani

Tunataka kusema leo juu ya muchezaji mumoja wa Kenya, ambaye wengi kati yenu mulimuona kwa televizio ao kwa simu: Muzee Ojwang. Jina lake la nyumbani lilikuwa Benson Wanjau, naye alikuwa Mukikuyu. Lakini Ojwang ni jina la Wajaluo. Tangu miaka ya 1980, na kwa miaka mingi sana, huyu Mukikuyu alivaa jina la jirani na kusema Kiswahili kwa ulimi wa jirani, mbele ya inchi yote, katika Vitimbi na katika Vioja Mahakamani. Alikufa Nairobi tarehe 12 mwezi wa 7 mwaka 2015, akiwa na miaka 78.

Alipoanza kuitwa Muzee, hakuwa muzee bado. Uzee wake wa kwanza ulikuwa kazi: sauti ya kukwaruza, mwendo, miwani, hasira ya upesi. Kisha miaka ikapita, na uzee wa kweli ukamukuta ndani ya uzee wa muchezo. Wachezaji wengine hubadili sura kila mwaka ili wasifiwe. Yeye alichimba shimo moja tu, akafika chini. Televizio yenyewe ilibadili jina, kwani Voice of Kenya iligeuka KBC katika mwaka 1989; Ojwang akabaki Ojwang.

Huyu Ojwang, mwenye kujiita Hatari, ni mutu gani? Ni mume wa Mama Kayai, ambaye alichezwa na Mary Khavere. Anajisifu, anatunga hila, anataka kupata bila kutoka jasho, na kila mara hila yake inamurudia. Muke wake anamujua mupaka ndani, naye humukata maneno kwa jicho moja tu. Michezo yenyewe, tuseme kweli, haikuandikwa vizuri siku zote. Mara nyingine tunaona mwisho kabla ya katikati, na watu wanasimama mbele ya kamera kama wanafunzi mbele ya inspekta. Lakini Ojwang akiingia, hata ukuta wa karatasi unakuwa nyumba.

Sasa tufike kwa ulimi. Waseminari wanajua sura ya 12 ya kitabu cha Waamuzi. Watu wa Gileadi walishika vivuko vya Yordani, na kila mutu aliyetaka kuvuka aliamriwa kusema shiboleti. Waefraimu hawakuweza sauti ile ya kwanza, wakasema siboleti, wakauawa pale pale. Maandiko yanahesabu watu 42,000. Basi angalieni: lugha ya Wajaluo nayo haina sauti hiyo, na wengi wao husema silingi badala ya shilingi. Sauti ileile iliyowaua Waefraimu ndiyo Wanjau aliichukua, akaifanyia kazi maisha yake yote, na Wajaluo wenyewe wakacheka naye.

Kwa nini walicheka naye, wasimutupie mawe? Tunaona sababu katika kazi yenyewe. Ulimi wa Ojwang si kichekesho. Ni nyumba anamotoka. Kichekesho ni uongo wake na majivuno yake. Chukueni maneno yake, muyaseme kwa Kiswahili kisicho na kabila: kicheko kitapungua, lakini hakitakufa. Kipimo hiki ni chepesi, na kila mwalimu wa muchezo anaweza kukitumia. Kama kicheko kinakufa chote, basi watu hawakucheka tendo la mutu, walicheka kuzaliwa kwake.

Sinema za wamisionari hatuwezi kuziacha bila kuzipima vilevile. Padri Albert Van Haelst wa Scheut alitengeneza Kasai, katika miaka ya 1950, sinema za Matamata na Pilipili, mumoja munene na mungine mwembamba. Watu walizipenda sana, nasi hatukatai. Lakini aliyeshika kamera alikuwa mugeni, na ndiye aliyechagua upumbavu gani uonyeshwe. Wanjau hakusimama juu namna ile.

Hata hivyo, yuko mutu atakayetupinga, naye ana haki kidogo: majivuno ndiyo kosa ambalo majirani wa Wajaluo huwasingizia siku zote. Je, Ojwang hakuongeza kuni kwa moto ule? Jina Hatari peke yake ni majivuno. Sisi tunajibu kwamba madoa hayo yapo, nayo hayafutiki; lakini anayeshinda katika nyumba ileile ni Mama Kayai, na akili yake haitoki kabila lingine.

Kwetu Kalembe, pale Masisi inapogusana na Walikale, jambo hili si mazungumzo ya jioni tu. Sokoni husikika Kihunde, Kinyanga, Kinyarwanda, na Kiswahili chenye alama ya kila moja. Mwezi wa 10 mwaka 2024 M23 na Wazalendo walipigana hapo, na watu walikimbia. Katika vita ya namna hii mutu anaweza kupimwa kwa neno moja la kinywa chake. Nasi tumeona michezo ya Noeli ambamo Herode anapewa siku zote ulimi wa kabila moja, na malaika ulimi wa lingine. Watoto wa mbele wanacheka. Katekista aliyetengeneza muchezo hana chuki, amefuata desturi tu. Lakini mutoto mwenye ulimi wa Herode amekaa pale pale kati yao.

Kenya nayo ilipita mutoni humo. Kisha uchaguzi wa mwezi wa 12 mwaka 2007, watu zaidi ya 1,000 waliuawa mupaka mwezi wa 2 mwaka 2008, na katika vizuizi vya njia watu walipimwa kwa jina na kwa lugha. Wakikuyu na Wajaluo walikuwa kati ya waliouana. Ojwang hakubadili jina kisha siku zile. Katika miaka yake ya mwisho macho yalimusumbua, na Wakenya walichanga franga za kumutibisha, bila kuulizana kabila la nani. Alipokufa, magazeti yaliandika majina yake yote mawili, kwa sababu kwa lile la kwanza peke yake wasomaji wengi hawangejua ni nani aliyekufa.