Mwenye Mali Kwanza: Umilikishi wa Kiingereza kwa Mswahili

Kwa kawaida mwanafunzi huambiwa kwamba 's ni mkia unaobandikwa kwenye jina la mwenye mali: Juma's book, the teacher's chair. Kanuni hiyo inatosha kwa mazoezi ya neno mojamoja, lakini inavunjika mara tu mwenye mali anapotajwa kwa maneno mengi. Ni sahihi zaidi, na kwa Mswahili ni rahisi zaidi, kuifundisha 's kama kiungo cha mafungu mawili ya maneno, ndugu wa -a unganifu yetu, ila mpangilio umegeuzwa. Sisi tunaanza na mali. Kiingereza kinaanza na mwenyewe. Tazama the king of England's crown. Ritifaa imekaa kwenye England, ilhali taji ni la mfalme. Katika Kiingereza cha kale -es ilikuwa kweli kiambishi tamati cha baadhi ya nomino, nyingine zikichukua -e au -an, na hata katika karne ya 14 watu waliandika kwa mtindo wa the kinges crown of England, kiambishi kikiwa kimemng'ang'ania mfalme. Mfumo huo wa viambishi ulipoporomoka, -es ikasalia, na hatimaye ikahamia mwisho wa fungu zima. Ndiyo maana Juma and Asha's house ni nyumba moja ya watu wawili, sawasawa na nyumba ya Juma na Asha, na Juma's and Asha's houses ni nyumba za Juma na za Asha. Lugha zote mbili zinarudia kiungo pale umiliki unapotengana.

Atauliza mtu: kama ni kiungo, mbona inapotea katika the teachers' room? Haipotei, imemezwa na s ya wingi iliyoitangulia, na ritifaa inabaki kama alama yake. Wingi usioishia kwa s unaithibitisha hoja hii, maana children's na women's zinaibeba nzima. Pingamizi zito zaidi ni kwamba tayari ipo of, inayofuata mpangilio wetu, kwa hiyo mwanafunzi aitumie hiyo tu. Hapo atasema the book of Juma, na msikilizaji ataelewa, lakini Kiingereza hakisemi hivyo: mtu anayemiliki kitu huchukua 's, na of huvifaa zaidi vitu visivyo na uhai, kama the roof of the house. Wakati nao huchukua 's, ndipo gazeti la leo likawa today's newspaper.

Kuhusu its, ambayo huwasumbua hata Waingereza, sarufi yetu inatusaidia kabisa. Hatusemi kitabu cha mimi, tunasema changu. Kiwakilishi hakihitaji kiungo kwa sababu kina umbo lake. Vivyo hivyo its, hers na theirs hazina ritifaa, na it's ni ufupisho wa it is au it has.

Ugumu wa kweli uko kwenye his na her, na hapo ndipo muda wa somo unapostahili kutumika. Katika Kiswahili upatanisho unafuata mali: mke wake, gari lake, viatu vyake, na -ake haijali kama mwenyewe ni mwanamume au mwanamke. Mwanafunzi aliyezoea kuangalia mali anamwona mke, anaandika Juma and her wife. Hajakosea kwa uzembe. Amefuata upatanisho wa lugha yake kwa uaminifu, na kumsahihisha kwa kalamu nyekundu pekee hakumwonyeshi aangalie wapi. Aulizwe kila mara: mwenyewe ni nani? Mazoezi nayo yabadilike. Badala ya sentensi kumi za Juma's book, apewe gari la mwalimu mkuu wa shule yetu, atafute mwisho wa fungu la mwenyewe, ndipo aweke kiungo: the head teacher of our school's car.